Mvua inakuja: Ayub Ogada, obokano ya babu na faili za MB 115

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya yale masomo ya hifadhidata, na bado naidaiwa. Nitailipa. Leo lakini nina jambo jingine kifuani, na nisipoliandika sasa nitalikwepa tena kama nilivyolikwepa miaka yote hii.

Nimekuwa nyumbani Mosocho kwa wiki mbili. Kwa wale wasiopajua, Mosocho iko karibu tu na mji wa Kisii, na wengi wanaijua kwa sababu ya shule ya Cardinal Otunga. Kwetu ni vilima, migomba, majani chai na mvua. Mvua ya Kisii haikuulizi ratiba. Asubuhi jua linawaka, unaanika nguo, na mchana wingu linakuja kutoka upande wa ziwa na kukufundisha adabu.

Basi siku ya tatu mvua ilikuja na stima ikapotea. Kompyuta ilikuwa na betri ya dakika arobaini hivi, na intaneti ya simu ilikuwa ikisuasua. Mtu wa programu asiye na stima wala intaneti ni kama mvuvi aliye mlimani. Nikatoa simu, nikavaa hedifoni, nikafungua albamu niliyokuwa nimeinunua kabla ya kusafiri: *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, ile iliyorudishwa sokoni, tena faili za FLAC na si MP3. (Kuhusu tofauti hiyo nitarudi, tena kwa uchungu.)

Kwanza niseme Ayub Ogada ni nani, maana vijana wengi wanaijua sauti yake bila kujua jina. Alizaliwa mwaka 1956 Mombasa, na jina lake lilikuwa Job Seda. Ukiangalia majina ya waigizaji wa filamu ya *Out of Africa* ya mwaka 1985 utamkuta humo kwa jina hilo. Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi katika bendi ya Black Savage, vijana wa magitaa ya umeme, roki kabisa, nywele na kila kitu. Mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band, bendi iliyochanganya ngoma na ala za makwetu na roki na soul. Mwaka 1986 akaenda Uingereza, akapiga nyatiti barabarani kama wanamuziki wengine wanaotafuta riziki kwa kofia iliyofunguliwa chini. Mwishowe akaifikia Real World, lebo ya Peter Gabriel, ambaye naye alikuwa mtu wa roki wa miaka hiyo hiyo ya 1970. Hapo ndipo *En Mana Kuoyo* ilipotoka, mwaka 1993.

Jina la albamu ni la Kijaluo, na maana yake ni "ni mchanga tu". Ndani yake kuna nyatiti, sauti yake na midundo kidogo. Yule kijana wa magitaa ya umeme alikuwa ameyaweka magitaa chini akachukua nyuzi nane za wazee wake.

Wimbo unaojulikana zaidi ni "Kothbiro", yaani "mvua inakuja". Ulisikika katika filamu ya *The Constant Gardener* mwaka 2005. Halafu mwaka 2018 Kanye West akatoa "Yikes" katika albamu yake ya *ye*, na ndani yake mna kipande cha "Kothbiro". Hapa sikiliza vizuri: kipande hicho hakikutoka katika albamu ya mwaka 1993. Kilitoka katika rekodi ya Black Savage ya miaka ya 1970. Wimbo huo ulikuwa umerekodiwa mara mbili na mtu yule yule, kwanza akiwa na bendi ya roki, halafu akiwa na nyatiti yake. Kumbukeni jambo hili, nitalihitaji baadaye.

Sasa fikiria umekaa Mosocho, mabati yanapigwa na mvua halisi, na masikioni mtu anakuimbia kwa upole kwamba mvua inakuja. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilisikia vidole. Nilisikia uzi ukiguswa kabla haujatoa sauti, na sauti ikififia polepole hadi kimya, na kimya chenyewe kikiwa na hewa ndani yake. Nikarudia. Nikarudia tena.

Nyanya yangu alikuwa jikoni akichambua chinsaga. Kwa Ekegusii tunamwita Magokoro, nami sijawahi kumwita kwa jina jingine. Aliponiona nimefumba macho muda mrefu akaniuliza kama ninaumwa. Nikachomoa hedifoni nikaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti iongezeke. (Huo ndio uhandisi wa sauti wa kijijini, msinicheke.)

Akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno. Kisha akasema, "Huyo ni Mjaluo."

"Ndiyo, Magokoro."

"Anapiga vizuri. Lakini chombo chake ni kidogo."

Nikacheka sana. Kwa wasiojua: sisi Abagusii tuna obokano, ambayo ni jamaa ya nyatiti. Zote zina nyuzi nane, zote mpigaji huketi chini nazo. Lakini obokano ni kubwa na sauti yake ni ya chini, nzito, yenye kunguruma na kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Nyatiti inaongea. Obokano inatetemesha benchi ulilokalia. Oyugis haiko mbali na kwetu, ni barabara ile ile ya kwenda Kisumu, na nyuzi hizi nane zilivuka mpaka zamani kabla mtu yeyote hajachora kaunti.

Babu yangu alikuwa akipiga obokano. Na hapo ndipo Magokoro aliposema lile nililokuwa nikiliogopa.

"Sasa weka ya babu yako."

*

Turudi nyuma. Desemba 2008 nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimekuja likizo na kompyuta ya mitumba yenye diski ya GB 40. Nilikuwa nimejifunza kutumia Audacity na nilijiona fundi mkubwa. Jioni nne mfululizo nilimkalisha babu, nikaweka kipaza sauti cha bei rahisi juu ya debe lililogeuzwa, nikamrekodi. Saa nne kwa jumla. Nyimbo za harusi, nyimbo za kusifu watu waliokufa kabla sijazaliwa, hadithi katikati, kikohozi, kuku akipita. Aliniuliza mara moja tu, "Hii itakaa?" Nikamjibu, "Itakaa, Sokoro. Kompyuta haisahau."

Nilirekodi kwa WAV, chaneli moja, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Piga hesabu nami: sampuli 44,100 mara baiti 2 ni baiti 88,200 kwa sekunde. Kwa saa moja ni karibu MB 318. Kwa saa nne ni karibu GB 1.27.

Mwezi uliofuata, huko chuoni, nilitaka kuweka Ubuntu pembeni ya Windows. Nafasi haikutosha. Nikatazama diski, nikaona hizo faili kubwa. Nikazibadilisha kuwa MP3 za kbps 64. Saa moja ikawa karibu MB 29, zote nne zikawa MB 115. Zimepungua mara kumi na moja! Nikajipongeza. Nikafuta WAV. Nikaweka Ubuntu.

Niwaambie na sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Katika diski ile ile kulikuwa na filamu za kutosha kujaza usiku wa wiki tatu. Hizo sikuzifuta.

Babu alifariki mwaka 2011. Kwenye mazishi baba mdogo alisimama akawaambia watu kwamba sauti ya mzee haijapotea, kwamba mjukuu wake msomi ameihifadhi yote kwenye kompyuta. Watu wakanipigia makofi. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

*

Sasa niwaeleze kwa nini nilikuwa naogopa, maana huenda unajiuliza: MP3 si ni muziki ule ule?

Sivyo. FLAC ni kama zip. Inabana faili, lakini ukiifungua unapata kila biti iliyokuwamo. MP3 inabana kwa njia nyingine: inatupa. Wahandisi walichunguza namna sikio la binadamu linavyofanya kazi, wakaona kwamba sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, hivyo ile ndogo ikitupwa hutagundua. Ni werevu mkubwa, sina ugomvi nao. Mmoja wa waliotengeneza MP3, Mjerumani Karlheinz Brandenburg, ameeleza kwamba aliijaribu kwa wimbo wa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke anayeimba peke yake bila ala. Akairekebisha hadi sauti hiyo ikatoka vizuri.

Sidhani kuna aliyempelekea obokano.

Uvumi wa obokano, ule wa nyuki, umejaa sauti ndogo nyingi zilizopandana. Programu ikipewa kbps 64 tu, inaziona kama takataka. Inatupa. Pia uzi unapokwanyuliwa sauti huanza ghafla, na MP3 ya biti chache huutawanya ule mwanzo, ukasikika kama umepakwa mafuta kabla haujagonga. Kinachobaki ni sauti ya mtu na kitu fulani kinachogugumia nyuma yake.

Na jambo baya kuliko yote: hakuna njia ya kurudi. Ukibadilisha MP3 kuwa WAV unapata faili kubwa yenye mashimo yale yale. Ni kama kumimina maziwa yaliyotiwa maji ndani ya ndoo kubwa zaidi.

Ndiyo maana albamu ya mwaka 1993 inaweza kurudishwa sokoni leo nami nikasikia vidole. Mahali fulani kuna rekodi ya asili. Waliporudi kwake waliikuta nzima. Kurudisha albamu si uchawi wa kompyuta, ni mtu fulani kutofuta.

*

Nikaweka. Nini kingine ningefanya? Simu ndani ya sufuria, jioni ya pili ya Desemba 2008.

Magokoro aliacha chinsaga. Babu akaanza kuzungumza, akatania kuhusu jirani, na nyanya yangu akatabasamu mdomo mzima. Kisha obokano ikaanza. Nikamwona anasogeza sikio karibu na sufuria. Akasogea tena. Tabasamu likaondoka.

"Sauti ni yake," akasema. "Lakini obokano iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Magokoro."

"Hapana. Hiyo ni kitu kinachokwaruza. Obokano ya babu yako nilikuwa naisikia hapa." Akaweka mkono kifuani. "Nikiwa shambani kule chini nilijua ameanza, kabla sijasikia wimbo."

Ningeweza kusema simu ni ndogo. Ingekuwa kweli kidogo: spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kama hiyo hata faili ikiwa nzuri. Nilikuwa na uongo mzuri mkononi, tena wa kisayansi. Lakini dakika tano kabla alikuwa amemsikia Ogada kwenye simu hiyo hiyo, ndani ya sufuria hiyo hiyo, na hakuuliza nyatiti iko wapi.

Nikamwambia. Yote. GB 40, Ubuntu, MP3. Nikamwambia hata zile filamu. Nilitafuta maneno ya Ekegusii ya kueleza kubana faili nikakosa, nikaishia kusema nilikamua juisi nikatupa tunda, ili chombo changu kipate nafasi.

Alikaa kimya. Mvua ikaendelea. Akaenda kuangalia maziwa mekoni, akarudi, akaketi.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mtoto hutupa vitu. Lakini mbona ulituacha tuamini kwamba umehifadhi? Kama ungesema mwaka ule, baba yako mdogo mikono yake ilikuwa bado inakumbuka. Tungemwambia apige."

Wasomaji wangu, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeangusha seva saa nane usiku. Nimefuta jedwali la wateja kwa kusahau sharti moja. Hakuna ripoti ya kosa iliyowahi kunipata kama hiyo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga, na lilichukua dakika kumi. La pili lilikuwa la aibu, na lilichukua miaka.

*

Kesho yake Magokoro alimtumia baba mdogo ujumbe aje, bila kumwambia ni kwa nini. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu. Kisha akaenda kwenye chumba cha nyuma akaishusha obokano kutoka ukutani. Ilikuwa na vumbi la miaka, na nyuzi tatu kati ya nane. Ngozi ilikuwa imelegea upande mmoja.

Tulinunua nailoni ya kuvulia samaki mjini Kisii. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyewahi kupiga na babu, alitusaidia kuzifunga na kuzipangilia. Ilichukua siku mbili. Baba mdogo alijaribu, akakosea, akatukana kidogo, akajaribu tena. Nyimbo mbili anazijua vizuri. Ya tatu anaijua nusu, na Magokoro alimrekebisha maneno akiwa jikoni bila hata kutoka nje.

Tulirekodi. WAV, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, kama MB 518 kwa saa, na sikujali. Mvua ilianza katikati ya wimbo wa pili. Baba mdogo akaniangalia kama anauliza tusimame. Nikatikisa kichwa, aendelee. Mvua imo ndani ya rekodi, na itabaki humo.

Si babu. Sitawadanganya. Baba mdogo anapiga kama mtu anayetembea kwenye nyumba aliyokulia huku taa zimezimwa: anajua milango iko wapi, lakini ananyoosha mikono mbele. Zile nyimbo za watu waliokufa kabla sijazaliwa hazijui. Hizo zimebaki katika MB 115 zenye mashimo, na hapo ndipo zitakapokaa.

Lakini nilikumbuka "Kothbiro". Ogada hakuutegemea mkanda mmoja. Aliuimba akiwa kijana wa roki, na miaka mingi baadaye akauchukua upya kwa nyuzi nane. Alifariki tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, Kaunti ya Kisumu, na wimbo upo mara mbili. Mimi nilidhani kuhifadhi ni kazi ya diski. Kumbe nakala ya kwanza ya nyimbo za babu ilikuwa mikononi mwa baba mdogo, na hiyo ndiyo niliyoiacha ipate kutu, kwa sababu tu nilikuwa nimewaambia watu kwamba nyingine ipo.

Haya, blogu hii ni ya teknolojia, kwa hiyo siwezi kuwaacha bila kazi ya nyumbani. Kama una mzee anayejua kitu, fanya hivi:

1. Rekodi kwa WAV au FLAC. Simu nyingi za leo zinaweza, ila mara nyingi lazima uingie kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi ubadilishe mwenyewe. MP3 tengeneza baadaye, za kutumia jamaa WhatsApp. Ile ya asili usiiguse.

2. Weka nakala tatu, na moja iwe nyumba nyingine kabisa. Yangu moja iko Mosocho ndani ya kopo la chai la Magokoro, flashi imefungwa kwenye plastiki.

3. Andika majina. Nani anapiga, nani anaimba, wapi, tarehe gani, wimbo unahusu nini. Faili inayoitwa "rekodi_mpya_2" ni yatima. Kipande cha Black Savage kilipofika Marekani miaka mingi baadaye, kilifika na majina ya wenyewe.

4. Kisha mwombe mtu mdogo kuliko huyo mzee ajifunze kupiga. Hii haina programu.

Na kama uliwahi kupoteza kitu ambacho watu wanadhani unacho, waambie. Leo. Huenda mikono ya mtu fulani bado inakumbuka.

Stima ilirudi usiku ule, lakini nilikuwa nimeshazoea giza. Magokoro aliniomba niweke tena "yule Mjaluo". Tukasikiliza albamu nzima hadi mwisho, simu ndani ya sufuria. Alipoenda kulala akaniuliza kama nina nakala.

Nikamwambia ninazo tatu.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja wiki ijayo. Safari hii nasema kweli.